Sahani za Buluu za Shauri Moyo

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka kwanza kwa baridi yake. Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa saba, katikati ya miaka ya tisini, na wewe uliyezaliwa Nairobi huna haja ya kuambiwa mwezi wa saba ulivyo. Jua huchungulia adhuhuri na kurudi lilikotoka. Nguo hushinda kwenye kamba, na jioni huanuliwa zikiwa mbichi vilevile. Naanza na baridi kwa sababu kwa miaka mingi ndiyo niliyoisingizia. Siku hizi nasema kweli: lililoniponza ni haraka, na haraka, wazee walishatuambia, haina baraka.

Juzi nilipita karibu na chumba chako nikakuona umeinama juu ya kioo cha gari kilichopasuka. Ulikuwa umekilaza chini, unakipaka lami uliyoiyeyusha kwenye mkebe. Nilisimama kidogo, nikatazama, nikaenda zangu. Wako wenzangu wa rika langu wanaosema vijana mmeharibu uchoraji, kwamba picha ni ya kuchorwa kwenye kitambaa kilichowambwa, basi. Mimi sina mdomo wa kusema hivyo. Mimi nilichora kwenye sahani.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikiishi na baba Shauri Moyo. Baba alikuwa dereva wa lori, Mkamba wa Machakos, mtu wa maneno machache na kanisa kila Jumapili. Mama alikuwa nyumbani kijijini akilima, kwa hiyo chumba chetu kilikuwa cha sisi wawili, pazia katikati. Chumba cha kupikia tulikitumia pamoja na majirani wa mstari wetu: kila mama na kona yake na jiko lake la makaa, na ukutani rafu moja ndefu ya mbao ambapo vyombo vya watu wote vilipangwa. Hakuna aliyeficha chake. Ukikosa sufuria ulichukua ya jirani, ukapikia, ukaiosha, ukairudisha. Ndivyo tulivyoishi, na sioni aibu kusema kwamba yalikuwa maisha mazuri.

Jirani wa mlango wa pili alikuwa Mama Wambui. Aliuza mitumba soko la Gikomba, akiondoka alfajiri na kurudi jua likizama. Binti yake Wambui alikuwa wa miaka minne hivi, mtoto wa maswali mengi kama hakimu. Mchana alibaki nami au na mama mwingine yeyote aliyekuwepo, akizurura kutoka mlango hadi mlango, akila palipoiva. Alinipenda kwa sababu nilimruhusu kuosha brashi zangu.

Kazi yangu ya mkate ilikuwa kuchora vibao. Kinyozi, bucha, hoteli, fundi wa viatu. Ukipita Shauri Moyo mpaka Kaloleni siku hizo, herufi nyingi ulizoziona zilikuwa zangu. Lakini moyo wangu ulikuwa umechoka na herufi. Nilitaka kuchora vitu nilivyoviona: ndege wakubwa waliosimama juu ya jaa la Gikomba, wanawake wakipepeta mahindi, kivuli cha kamba za nguo ukutani. Kitambaa cha wachoraji wa mjini nilikitazama tu kwenye dirisha la duka. Basi nikajaribu kila kilichokubali rangi. Nilichora kwenye magunia, rangi ikamezwa yote. Nikachora kwenye maboksi, yakajikunja kama chapati. Nikachora kwenye ubao wa kitanda cha baba, upande wa chini, na mpaka leo sina hakika kama aliwahi kujua.

Kisha nikakutana na sahani. Zilikuwa zimerundikwa kwa muuza vyuma vikuukuu huko Gikomba, zile za bati nyeupe zenye ukingo wa buluu, kila moja imebanduka mahali na kuonyesha weusi wa chini. Wengine waliona takataka. Mimi niliona uwanja mweupe wa mviringo ambao tayari ulikuwa na kasoro yake, nami ningeweza kuigeuza kasoro hiyo ikawa jicho, au mwamba, au kichwa cha mtu aliye mbali. Nilizibeba nyumbani kwa furaha ya mtu aliyeokota mali. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama kweli, magoti yangu yakawa meusi kwa masizi.

Sasa sikia habari ya rangi, maana hapo ndipo penye kisa. Nilitaka buluu. Buluu ya kopo la rangi ya vibao ilikuwa imekufa kwa macho yangu. Kwanza nikatumia ile buluu ya kufulia nguo nyeupe, nikaisaga na kuichanganya na gundi ya mbao. Ikanifurahisha. Halafu nikaona mrututu kwa muuza dawa za miti shamba. Wewe labda hujauona: ni chumvi ya shaba, mawe ya buluu yanayong'aa kama kioo, watu huitia kidogo kwenye vidonda, na wakulima huichanganya na chokaa kunyunyizia kahawa na viazi. Niliponda vipande vyake, nikatia gundi, nikapata rangi ambayo sikuwahi kuiona kwenye kopo lolote. Nilijua kidogo kwamba si kitu cha kuchezea. Lakini nikajiambia, kitu ambacho wazee hupaka kwenye kidonda kinawezaje kumdhuru mtu? Dawa ya ngozi si dawa ya tumbo, mwanangu. Hilo nililijua baadaye.

Nikawa nachanganya. Sahani hii buluu ya nguo, ile mrututu, nyingine chokaa kidogo ndani yake. Sikutia alama nyuma ya sahani yoyote. Niliona kuandika ni kupoteza mwanga wa mchana.

Na nilikuwa na sababu ya kukimbia. Vijana wa mitaa yetu tulikuwa tumepewa ukumbi wa Kaloleni tuonyeshe kazi zetu mwisho wa mwezi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Lakini gundi ilikataa kukauka. Kila asubuhi nilizigusa sahani na kidole kikarudi na rangi. Hapo ndipo nilipokumbuka chumba cha kupikia, kilivyokuwa na joto tangu alfajiri mpaka watu walale. Jioni ya Ijumaa nikazichukua sahani zangu zote na kuzipanga kwenye ile rafu ndefu, juu ya majiko. Majirani wa mstari wetu walinicheka. Walijua vituko vyangu, kwa hiyo hakuna ambaye angezigusa.

Nilimsahau mgeni.

Mama yake Mama Wambui alikuwa amefika jana yake kutoka Murang'a na kikapu cha viazi na ndizi, kuja kumwona mjukuu. Sote tulimwita Cucu, kama Wakikuyu wamwitavyo nyanya. Alikuwa mwanamke mrefu aliyeinama kidogo mabegani, mwenye Kiswahili cha polepole, kila neno akilipima kabla ya kulitoa. Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Weka methali hiyo kando kwanza, tutaifikia.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi nilikuwa nje nikisuuza brashi kwenye mfereji. Wambui akatoka chumba cha kupikia akiwa amekumbatia sahani kifuani kwa mikono miwili, anatembea kwa uangalifu ili asimwage mchuzi uliobaki. Alikuwa amemaliza githeri yake, mahindi na maharagwe. Alitaka kunionyesha kitu.

“Mumbua, ndege amepotea,” akaniambia. “Nimemla.”

Midomo yake ilikuwa buluu. Ulimi ulikuwa buluu. Kwenye sahani, pale nilipokuwa nimechora ndege mweupe na anga lote limemzunguka, mchuzi wa moto ulikuwa umeilainisha gundi na anga limekwenda na maharagwe. Palibaki miguu ya ndege na utepe wa rangi ukingoni.

Sikumbuki nilisema nini. Najua nilimnyang'anya sahani na kwamba yeye akaanza kulia kwa sababu ya uso wangu. Cucu akatoka akikausha mikono. Akamwangalia mtoto mdomoni, akaniangalia mimi, akauliza ni nini hiki. Nikasema ni rangi. Alivua leso yake begani, akamfunga mtoto mgongoni kama mtoto mchanga, akaichukua ile sahani mkononi mwangu, akasema twende.

Zahanati haikuwa mbali, lakini njia ilirefuka. Cucu alitembea mbele, nami nyuma yake nikitazama kichwa cha Wambui kikiyumba juu ya leso. Alikuwa ameacha kulia na sasa aliniangalia kwa udadisi. Niliomba kimoyomoyo. Niliahidi mambo mengi. Niliahidi kwamba sitashika brashi tena maishani, na wakati huo nilimaanisha.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu, ambaye hakupandisha sauti hata mara moja. Alimlaza mtoto, akamtazama macho na ulimi, akambonyeza tumbo, akauliza kama ametapika. Hakuwa ametapika. Kisha akanigeukia na kuuliza mtoto amekula nini.

Nikasema, “Rangi tu, sista. Rangi ya kuchorea.”

Mwanangu, katika kisa hiki chote, hapo ndipo ninapopaonea haya zaidi. Kuziacha sahani jikoni ulikuwa ujinga, na ujinga una dawa. Lakini pale nilijua jina la kile kitu, nikalimeza, kwa sababu niliona polisi, nikamwona baba, nikaona majirani wamesimama mlangoni. Mtoto wa watu amelala mbele yangu na mimi nilikuwa najihurumia.

Cucu alinishika mkono juu ya kiwiko. Hakunibana. Akasema, “Kila rangi ina jina. Sema jina lake.”

Basi nikasema. Nikasema kwamba sahani nyingine nilizipaka buluu ya kufulia na nyingine mrututu, na kwamba sijui hii ni ipi. Niliposema mrututu, Cucu aliketi kwenye benchi. Alikuwa mkulima wa kahawa. Alikijua kitu hicho kuliko mimi. Na ni yeye, kwa mkono wake, aliyempakulia mjukuu wake chakula juu yake.

Muuguzi hakunilaumu. Alimtuma mwenzake atafute gari la kutupeleka hospitali kubwa, tusije tukangoja lililo baya. Kisha akaitazama sahani na kuniuliza kama mimi mwenyewe siwezi kuitambua rangi yangu. Nilijaribu. Wewe ni mchoraji, unajua jinsi jicho linavyojivunia kutofautisha buluu na buluu. Lakini rangi iliyolowa mchuzi wa maharagwe haikuwa tena rangi niliyoijua, na hofu ilikuwa imenipofusha. Nikasema siwezi.

“Umebakisha mrututu nyumbani?” akauliza. “Ulete. Upesi.”

Nilikimbia. Niliporudi na ule mkebe, nilimkuta Cucu na muuguzi wameinamia meza. Walikuwa wameomba misumari miwili mipya kwa fundi wa viti aliyefanya kazi nje ya lango. Kumbe nyumbani kwa muuguzi pia walilima kahawa, na wote wawili walikuwa wamewaona wazee wao wakitumbukiza kisu kwenye dawa kabla ya kunyunyiza. Mrututu ukizidi, chuma huwa chekundu. Muuguzi akakwangua mabaki ya rangi kwenye sahani, akayatia ndani ya kikombe chenye maji kidogo. Kikombe cha pili akakitia chembe za mkebe wangu. Akaweka msumari mmoja huku, mmoja kule.

Tukangoja. Wambui aliketi kitandani akiuliza misumari inakunywa nini.

Msumari wa kikombe cha pili, ule wa mrututu wenyewe, ulianza kubadilika. Ulipotolewa na kufutwa kwa pamba ulikuwa umevaa wekundu, kama senti mpya, kuanzia ncha mpaka pale maji yalipofikia. Hicho ndicho nilichokuwa nimekiweka juu ya majiko ya watu wenye watoto.

Muuguzi akautoa wa kwanza. Akaufuta. Ulikuwa mweupe. Akaurudisha, akangoja zaidi, akautoa tena, akausogeza dirishani. Mweupe vilevile, unang'aa kama ulivyotoka dukani.

“Hii ni buluu ya nguo,” akasema. “Mtoto ataenda haja ya ajabu kesho, basi.”

Cucu alifunika uso kwa mikono yote miwili na mabega yake yakatikisika. Nilidhani analia, na labda alikuwa analia, lakini alipoitoa mikono alikuwa anacheka kimya, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Nami nikacheka, nikakaa sakafuni. Sijawahi, kabla wala baada, kusikia habari njema kama ile ya msumari usiobadilika. Hata siku nilipojifungua sikushusha pumzi namna ile. Muuguzi, kwa kuwa alikuwa mtu wa busara, alisema tusiondoke upesi. Lile gari likifika litasubiri, na mtoto atatazamwa mpaka alasiri, kwa sababu msumari ni msumari na tumbo ni tumbo. Lakini sauti yake ilikuwa imelegea. Alimuuliza Wambui anasikia vipi. Wambui akasema ameshiba, ila anataka chai.

Kwenye lile benchi la zahanati, mtoto akiwa amelala pajani pake, ndipo Cucu aliponisemesha. Nilikuwa nimemwambia kwamba nikifika nyumbani nitazitupa sahani zote na sitachora tena. Nilitarajia aniunge mkono.

“Kwa nini utupe?” akasema. “Yule ndege alikuwa mzuri. Ndiyo maana nilimpa mjukuu wangu. Sahani zote za pale zilikuwa kuukuu, nikaona hii, nikasema mtoto wangu atakula kwenye hii nzuri.”

Hakuna mtu aliyewahi kuisifu kazi yangu hivyo, na hakuna sifa iliyowahi kuniuma hivyo.

Akamfunika mtoto miguu, akaendelea. “Sikiliza, msichana. Mimi sijui kuchora. Lakini sahani naijua. Sahani kazi yake ni kumwambia mtu, njoo ule. Iliniambia hivyo leo asubuhi nikaitii, kwa sababu tangu nizaliwe sahani haijanidanganya. Wewe ndiye uliyeifanya inidanganye. Ukitaka iwe picha, iondolee kwanza kazi yake ya zamani. Itoboe. Sahani yenye tundu, hata mgeni kama mimi, hata mtoto, ataona si ya chakula.”

Hayo ndiyo yote aliyosema. Hakuyarudia, wala hakunikumbusha tena kwa siku zote alizokaa nasi.

Mama Wambui alirudi jioni, akaelezwa. Huyo hakucheka, na hakuwa na sababu ya kucheka. Alimkagua mwanawe kutoka utosi mpaka nyayo, akaingia ndani, akafunga mlango. Kesho yake alihamisha vyombo vyake vyote kutoka rafuni. Kwa mara ya kwanza tangu tuishi pale, kulikuwa na pengo kwenye ule ubao, na kila nilipoingia kupika nililiona.

Baba aliporudi safari nikamsimulia yote bila kupunguza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaoga, akavaa shati lake la kanisani, akaniambia nivae vizuri. Tukabisha hodi kwa Mama Wambui. Baba alisema kwamba amekuja kuomba radhi kwa niaba ya nyumba yake, kwamba mtoto wa jirani ni mtoto wa nyumba, na kwamba binti yake ana la kusema. Nikapiga magoti nikaomba msamaha. Nikamwambia pia lile ambalo Cucu hakumwambia, kwamba muuguzi aliponiuliza mara ya kwanza nilificha. Nilidhani hilo litamkasirisha zaidi.

“Kama usingeniambia hilo,” akasema, “ningelijua tu siku moja, na nisingekusamehe. Sasa simama, sakafu ina baridi.”

Siku chache baadaye sufuria zake zilirudi rafuni, moja moja. Mwanangu, ile sauti ya vyombo vya jirani vikipangwa tena karibu na vyetu, naisikia mpaka leo, na moyo wangu hutulia kila ninapoikumbuka.

Zile sahani nilizitoboa. Mrututu wote niliukwangua kwanza kwa mikono iliyofunikwa mifuko, nikaufunga na mkebe wake, nikampa Cucu arudi nao shambani kwake ambako ulikuwa na kazi ya kufanya. Kisha nikachukua msumari mnene na nyundo ya baba, nikapiga katikati ya kila sahani. Na hapo nikapata nisichotarajia. Bati lilipotoboka, ule weupe ulibanduka kuzunguka tundu, ukapasuka kama nyota, weusi wa chini ukajitokeza. Sahani ya kwanza nilidhani nimeiharibu. Ya pili nikaanza kuchora nikifuata ile mipasuko. Tundu likawa jua lililopatwa, likawa kisima, likawa mdomo wa chungu kikitazamwa kutoka juu. Sikuwahi kuchora vizuri kama nilivyochora kwa kulizunguka lile tundu ambalo bibi mmoja wa Murang'a alinilazimisha kulitoboa. Nyuma ya kila sahani nikaandika rangi zilizomo, jina kwa jina.

Tulizitundika kwenye ukumbi wa Kaloleni kwa kamba za katani, zikawa zinazunguka polepole mlango ulipofunguliwa. Watu waliuliza kwa nini zina matundu. Niliwajibu kwamba ni ili wasizilie chakula, wakacheka wakidhani natania. Mama Wambui alifunga biashara mapema siku hiyo akaja, na mtoto mkononi. Cucu alikuwa amekwisha kurudi kwao. Nilisikitika asizione. Lakini ndiye niliyemwona kila mtu alipoinua uso kutazama.

Sasa umeielewa ile methali niliyokwambia uiweke kando. Mgeni alikuja, nami mwenyeji nikapona.

Basi nasema nawe wewe wa kioo na lami. Sikukatazi. Anayechora mahali ambapo wengine hawajachora ana jambo la kutuonyesha, na asiyethubutu hapati. Lakini kila kitu unachokiokota kimetoka kwenye kazi fulani, na watu hawajaisahau kazi hiyo hata kama wewe umeisahau. Kioo kina makali na mtoto hupenda kinachong'aa; lami ina moshi na chumba chako kina dirisha moja. Kabla hujapaka, jiulize kitu hiki kinamwambia nini mtu asiyekujua. Kijue unachokichanganya, kwa jina lake, na ulitaje jina hilo bila kuombwa mara mbili, maana mficha maradhi, kilio humfichua. Usijaribie kwenye rafu ya watu wote. Muulize aliyekitumia kitu hicho kabla yako, awe mkulima, awe fundi, awe bibi mgeni aliyeketi kwenye benchi. Kuuliza hakukupunguzii ustadi. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, nenda ukabishe hodi mapema, ungali unaweza kufunguliwa.

Mungu akutangulie pale ambapo macho yako hayajafika. Akupe vitu vilivyotupwa na jicho la kuviona. Akupe jirani wa kukukemea kwa upole na moyo wa kukemewa. Na kila atakayekigusa ulichokitengeneza, mkubwa kwa mdogo, aondoke mzima, akiwa na furaha kuliko alivyokuja. Haya, mwanangu, rudi kwenye kioo chako; ila kwanza fungua dirisha.